Wanyama walibarikiwa kabla yetu: Mwanzo inasemaje hasa juu ya kuumbwa kwao

Ukitaka jumuiya ichelewe kufunga, uliza swali hili: kati ya Adamu na wanyama, nani aliumbwa kwanza? Hapa Moshi nimelisikia likiulizwa kwenye jumuiya za asubuhi na kwenye madarasa ya kipaimara, na kila mara watu hugawanyika pande mbili, kila upande una Biblia mkononi, na wote wanasoma sawasawa. Aliyefungua Mwanzo sura ya kwanza anasema wanyama. Aliyefungua sura ya pili anasema Adamu.

Swali linaonekana la watoto, lakini nyuma yake yamepanga foleni maswali mazito. Je, tuna ruhusa ya kuwafanyia wanyama tupendavyo? Kula nyama kulikuwa mpango wa Mungu tangu mwanzo? Kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, kinanyweka au hakinyweki? Mbwa aliyekufa ana tumaini lolote? Yote haya yana mizizi katika kurasa chache za kwanza za Biblia. Nitazifungua polepole, na nitakaa zaidi pale ambapo naona tumezoea kupita haraka.

Siku ya tano na siku ya sita

Sura ya kwanza imepangwa kama kazi ya mtu anayejenga nyumba kwanza, ndipo akaribishe wakaao. Siku tatu za mwanzo zinatenga mahali: nuru na giza, anga na maji, nchi kavu na mimea yake. Siku tatu zinazofuata zinapajaza mahali palepale kwa mpangilio uleule. Siku ya nne jua, mwezi na nyota vinakaa penye nuru na giza. Siku ya tano samaki wanapewa maji na ndege wanapewa anga. Siku ya sita nchi kavu inapata wanyama wa kufugwa, wanyama wa mwitu na wale watambaao, na baada yao mtu. Kila kiumbe kinaingia mahali palipokuwa pamekwisha kuandaliwa kwa ajili yake.

Sasa tazama siku ya tano kwa karibu. Baraka ya kwanza kabisa katika Biblia nzima haikutolewa kwa watu. Ilitolewa kwa samaki na ndege. Katika Mwanzo 1:22 Mungu anawabariki na kuwaambia, "Zaeni, mkaongezeke." Maneno hayo yanarudiwa kwa mwanamume na mwanamke aya sita baadaye, nasi tumeyasikia kwenye harusi nyingi mno hadi tukayaona ni mali ya maharusi. Lakini ukifuata andiko lilivyo, ukoo wa perege anayevuliwa Bwawa la Nyumba ya Mungu uliambiwa "zaeni" kabla ya ukoo wa Adamu.

Siku ya sita ina mshangao wake pia. Mtu hakutengewa siku yake. Anaumbwa siku moja na ng'ombe, mjusi na fisi. Na angalia maneno "Mungu akaona ya kuwa ni vyema" yanapokaa. Yanasemwa juu ya samaki na ndege, yanasemwa tena juu ya wanyama wa nchi kavu katika aya ya 25, kabla mtu hajatajwa. Mtu alipokwisha kuumbwa hakuna kauli ya namna hiyo iliyotolewa kwa ajili yake peke yake. Kinachofuata ni aya ya 31, ambapo Mungu anatazama kila kitu alichokifanya, kwa pamoja, ndipo inasemwa ni chema sana. Wanyama walikuwa wema machoni pa Mungu wakati hapakuwa na mtu wa kuwala, kuwafuga, kuwapiga picha wala kuwauza. Kwangu mimi aya hiyo ya 25 ndiyo ufunguo wa mambo mengine yote nitakayoyasema hapa.

Hilo halimfanyi mtu awe sawa na mbuzi. Sura hiyohiyo inasema ni mtu pekee aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, na ni yeye pekee aliyepewa kuwatawala viumbe hai wengine. Tutafika huko. Ila utaratibu wa maneno una maana, na aliyeandika alikuwa mwangalifu.

Ili kuona uangalifu huo inafaa kukumbuka ni simulizi gani nyingine zilizokuwa masikioni mwa watu wa zamani zile. Babeli walikuwa na utenzi wao wa uumbaji, Enuma Elish. Ndani yake mungu Marduk anapigana na Tiamat, mama wa bahari, anamuua, anaupasua mwili wake vipande viwili, na kipande kimoja kinakuwa mbingu. Bahari huko ni adui, na majoka yake ni jeshi la adui. Misri nako fahali Apis aliheshimiwa kwa ibada, na mungu Horus alichorwa kwa kichwa cha kipanga. Waisraeli wenyewe, mara tu walipotoka Misri, walijitengenezea ndama wa dhahabu wakamwangukia.

Mwanzo inaingia katikati ya dunia hiyo na kusema maneno machache tu. Viumbe wakubwa wa baharini wanaotajwa katika 1:21 si maadui wa Mungu wala si wapinzani wake. Ni viumbe, vimeumbwa, ni vyema. Zaburi 104 inakwenda mbali zaidi: Lewiathani, joka la kutisha, ameumbwa ili acheze baharini. Kwa hiyo andiko linafanya kazi mbili kwa mkono mmoja. Linamshusha mnyama kutoka kwenye kiti cha miungu, ili asiabudiwe. Na papo hapo linamwinua kutoka kuwa kitu tu, ili asidharauliwe. Kazi ya kwanza tumeielewa vizuri. Mababu zetu walipobatizwa, wamisionari waliwasisitizia hilo sana. Kazi ya pili bado hatujaimaliza.

Sura ya pili inapopindua mpangilio

Ukigeuza ukurasa, mambo yanaonekana kupinduka. Mungu anamfanya mtu kwanza, kwa mavumbi ya ardhi, anampulizia pumzi ya uhai. Anapanda bustani. Kisha anasema si vema huyo mtu awe peke yake. Ndipo anafanyiza kutoka katika ardhi ileile kila mnyama wa mwituni na kila ndege wa angani, anamletea Adamu aone atawaitaje. Adamu anawapa majina wote, lakini hakupatikana msaidizi wa kufanana naye. Mwishoni anaumbwa mwanamke.

Wasomaji wa zamani walizipatanisha sura hizi mbili kwa kusema ya pili inarudi nyuma kuisimulia siku ya sita kwa undani, na kwamba wanyama walikuwa wamekwisha kufanywa kabla ya kuletwa. Wengi bado wanasoma hivyo, na si usomaji wa kipuuzi. Kuanzia karne ya 18 na hasa ya 19, wasomi wa Ulaya, Mjerumani Julius Wellhausen akiwa maarufu zaidi kati yao, walionyesha kwamba sura hizi zina mitindo miwili tofauti, na hata jina la Mungu linatumika tofauti: "Mungu" katika ya kwanza, "BWANA Mungu" katika ya pili. Wakahitimisha kuwa ni masimulizi mawili yaliyounganishwa. Vyuo vingi vya theolojia leo, vya Kikatoliki na vya Kiprotestanti, hufundisha hivyo.

Mimi naona jambo moja ni la hakika kwa vyovyote utakavyosoma. Aliyeziweka sura hizi bega kwa bega aliiona tofauti. Kama mtoto wa kipaimara anaiona kwa kusoma mara moja, haiwezekani yeye hakuiona. Aliziacha zote mbili kwa sababu alizihitaji zote mbili. Sura ya kwanza inajibu ulimwengu ni wa nani na kila kiumbe kina nafasi gani ndani yake. Sura ya pili inajibu mtu ni nani miongoni mwa majirani zake. Ukiitoa moja, unabaki na nusu ya fundisho.

Na katika hiyo ya pili nataka tukae kidogo, maana wahubiri huikimbia ili wafike kwenye ubavu na ndoa. Mungu ameona upweke wa mtu. Jibu lake la kwanza ni kumletea wanyama. Hawakutosha, na andiko linakiri wazi kwamba hawakutosha. Lakini waliletwa kama wenzi, kwanza. Hawakuletwa kama kitoweo. Hawakuletwa kama mtaji. Wametoka kwenye udongo uleule uliomtoa Adamu. Halafu Mungu, aliyekuwa anaweza kuwataja kila mmoja kwa jina, anamwachia mtu kazi hiyo na kusubiri asikie atasema nini.

Kumpa kiumbe jina linalomfaa kunataka umtazame kwanza. Watu wa milima hii wanalijua hilo hata bila kufundishwa. Ingia kihamba chochote cha Kibosho au Marangu, yaani shamba la migomba la nyumbani, nyuma ya nyumba utakuta banda lenye ng'ombe mmoja au wawili wanaolishwa ndani, migomba iliyokatwakatwa na majani yaliyobebwa kichwani kutoka tambarare. Ng'ombe huyo haendi malishoni. Anazijua hatua za anayemletea majani, na huanza kulia kabla hajamwona. Anayemlisha naye anajua kwa mlio tu kama ni njaa, kama ni joto la kutaka dume, au kama kuna ugonjwa. Ana jina. Ukishuka hadi Monduli, mfugaji wa Kimaasai atakutajia ng'ombe wake mmoja mmoja kwa rangi, kwa pembe na kwa ukoo wa mama yake. Kazi aliyopewa Adamu bado inaendelea.

Kwa haraka tu kuhusu nyoka, maana huulizwa. Mwanzo 3:1 inamtaja kama mmoja wa wanyama wa mwitu aliowafanya Mungu. Laana ya sura ya tatu haifuti yale yaliyosemwa katika sura ya kwanza juu ya watambaao wote. Kuua kila chatu na kila kinyonga kwa kisingizio cha Edeni hakuna msingi katika andiko. Na ni Biblia hiyohiyo inayosimulia Musa akimwinua nyoka wa shaba jangwani ili watu wapone.

Kutawala ni kufanya nini

"Mkatawale samaki wa baharini, na ndege wa angani, na kila kiumbe chenye uhai kiendacho juu ya nchi." Hii ndiyo aya inayonukuliwa kila mtu anapotaka kufunga mjadala. Mwaka 1967 mwanahistoria Mmarekani Lynn White aliandika katika jarida la Science kwamba mzizi wa uharibifu wa mazingira uko hapa: Ukristo wa Magharibi ulimfundisha mtu kwamba viumbe vyote vipo kwa ajili yake. Wakristo wengi walikasirika. Nadhani alisema kweli kuhusu Wakristo, na hakusema kweli kuhusu aya yenyewe.

Soma aya inayofuata mara moja. Baada ya kumpa mtu utawala, Mungu anamwambia atakula nini: kila mche utoao mbegu na kila mti wenye matunda. Wanyama nao wanapewa majani. Kwa hiyo utawala uliotolewa katika sura ya kwanza ulikuwa utawala usio na kisu. Yeyote anayeeleza "mkatawale" kwa maana ya "mkachinje" anaisoma aya ya 28 na kuifumbia macho aya ya 29.

Jambo la pili ni mfano wa Mungu. Katika mataifa ya kale, mfalme aliyeshinda nchi ya mbali aliweka sanamu yake huko ili watu wajue nchi hiyo ni ya nani. Mwanzo inasema mtu ndiye alama hiyo. Sasa, alama haimiliki chochote. Inamwakilisha mwenye mali. Na mwenye mali amejieleza: Zaburi 50 inasema kila mnyama wa msituni ni wake, na makundi juu ya milima elfu. Mtawala mbaya Biblia pia inamjua. Ezekieli 34 inawakemea wachungaji wanaokula mafuta, wanaovaa manyoya, wasiowatibu wagonjwa wala kuwafunga waliovunjika, wanaowatawala kondoo kwa nguvu na ukali. Nabii alikuwa anasema juu ya viongozi na watu, lakini mfano wake haungeeleweka kama wasikilizaji wasingejua tayari kwamba mchungaji wa namna hiyo ni mwovu hata kwa kondoo halisi.

Torati ilipokuja kuandika maisha ya kila siku, iliweka utawala huo kwenye mambo madogo. Sabato ni ya ng'ombe na punda pia (Kutoka 23:12). Ng'ombe anayepura nafaka asifungwe kinywa. Ukikuta kiota chenye ndege aliyelalia, usimchukue mama pamoja na makinda. Na hii inayonigusa kuliko zote: ukimwona punda wa mtu anayekuchukia ameanguka chini ya mzigo, huruhusiwi kupita, lazima umsaidie. Ugomvi wako na jirani haumhusu punda. Mithali 12:10 inalifanya jambo hili kuwa kipimo cha mtu mwenye haki: huufikiri uhai wa mnyama wake. Na kitabu cha Yona kinamalizika kwa Mungu kueleza kwa nini ameihurumia Ninawi: kuna watu zaidi ya 120,000, na tena kuna wanyama wengi. Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya kitabu chote.

Watoto wa Kilutheri katika Dayosisi ya Kaskazini hukariri Katekisimu Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529. Maelezo ya kanuni ya kwanza ya imani yanaanza kwa kukiri kwamba Mungu ameniumba mimi pamoja na viumbe vyote. Mistari michache mbele, katika orodha ya vitu ambavyo Mungu amenipa, kuna mashamba na mifugo. Katika aya moja, ng'ombe ni kiumbe mwenzangu na ng'ombe ni riziki yangu. Luther hakuona haja ya kuchagua moja, na hayo ya kwanza aliyaweka kwanza. Watoto wetu wanayasema yote kwa sauti moja bila kusita. Ingekuwa vizuri tuwaombe wasimame kidogo katikati.

Nayasema haya kwa sababu ya kitu ninachokiona kwenye sikukuu za mavuno. Ibada inakwisha, watu wanatoka nje, mnada unaanza. Ndizi, mahindi, mayai, maziwa, na kuku. Kuku amefungwa miguu kwa ugwe wa mgomba tangu alfajiri, ameletwa kichwa chini kwenye usukani wa bodaboda, ameachwa juani karibu na ngazi za kanisa, mdomo wazi, anahema. Anainuliwa kwa miguu, bei inapanda, watu wanashangilia, anarudishwa chini kwa kutupwa. Sadaka ile ni halali na furaha ile ni ya kweli. Lakini kuku huyu ametolewa kwa Mungu aliyemwona kuwa ni mwema siku ya tano, na hakuna aliyempa hata kikombe cha maji. Kapu na kivuli havigharimu chochote. Bunge letu lenyewe lilipitisha Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Inasikitisha serikali ikitangulia pale ambapo kanisa lilikuwa na andiko mkononi miaka yote.

Yesu alisema shomoro watano huuzwa kwa senti mbili. Kwingineko alisema wawili kwa senti moja. Piga hesabu: wa tano ni nyongeza, yule ambaye muuzaji anakutupia bure ili urudi tena kesho. Na juu ya hao watano anasema hasahauliki hata mmoja mbele za Mungu.

Mkoa wa Arusha una kauli yake maarufu juu ya wanyama. Mwaka 1961, kwenye mkutano wa uhifadhi mjini Arusha, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba wanyamapori ni chanzo cha mshangao na msukumo, na pia ni sehemu ya maliasili zetu na ya riziki yetu ya baadaye. Kauli ile imelinda mengi, na nchi inayoishi kwa utalii haina budi kusema hivyo. Mwanzo inaongeza hatua moja nyuma yake: kabla pundamilia hajawa maliasili ya Tanzania alikuwa amekwisha kuwa wa Mungu, na angeendelea kuwa mwema hata kama asingekuja mtalii mmoja.

Nyama, damu na kisusio

Ruhusa ya kula nyama inakuja katika Mwanzo 9:3, baada ya gharika. Dunia imejaa jeuri, imeoshwa, inaanza upya ikiwa na majeraha. Mungu anampa Nuhu wanyama kuwa chakula kama alivyompa mimea, na anasema kwa huzuni kwamba hofu ya mtu itakuwa juu ya kila mnyama. Ruhusa hiyo ni ya kweli, na anayekula ndafu kwenye harusi hatendi dhambi. Ila papo hapo imewekewa mpaka: "nyama pamoja na uhai, yaani damu yake, msile."

Hapa ndipo ubishi wa Kilimanjaro unapoanza. Kisusio, supu ya damu ya mbuzi na vipande vya nyama, ni heshima ya mezani kwa Wachaga. Wasabato hawakigusi, na baadhi ya Wapentekoste nao hukataa. Nyumba nyingi za Wakatoliki na Walutheri huinua kikombe bila wasiwasi. Wanaokataa wana Mwanzo 9:4, Walawi 17, na pia Matendo 15, ambapo mitume waliwaandikia Wakristo wa mataifa wajiepushe na damu. Wanaokubali wana 1 Timotheo 4:4, kwamba kila kiumbe cha Mungu ni kizuri kikipokewa kwa shukrani, na husema agizo la Matendo lilikuwa la kuwawezesha Wayahudi na watu wa mataifa kula meza moja wakati ule.

Sitawaamulia watu kikombe chao. Ninachosikitikia ni kwamba ubishi wetu huishia kwenye kikombe, na sababu ya katazo hupotea. Walawi 17:11 inasema uhai wa mwili u katika damu. Katazo lilikuwa linamkumbusha mchinjaji kila mara kwamba anachukua kitu ambacho si yeye aliyekitengeneza. Ndiyo maana damu ilirudishwa: juu ya madhabahu, au ardhini na kufunikwa kwa mavumbi. Mtu anaweza kukataa kisusio maisha yake yote na bado akamchinja mbuzi kwa kisu butu mbele ya mbuzi wenzake. Huyo ameshika herufi na kuiacha sababu.

Sura hiyohiyo ya tisa ina jambo kubwa kuliko hilo la chakula. Mungu anafanya agano, lile la upinde wa mvua, na anataja wahusika: Nuhu na uzao wake, na kila kiumbe hai kilicho pamoja nao, ndege, wanyama wa kufugwa na kila mnyama wa nchi. Anarudia mara baada ya mara kutoka aya ya 9 hadi ya 17, kana kwamba anajua tutasahau. Wanyama wamo ndani ya agano. Hawakutia sahihi, na wala sisi hatukutia. Mungu alijifunga peke yake, kwao na kwetu.

Simba na majani

Kama mwanzoni wanyama wote walikula majani, simba alikula nini? Wapo wanaoamini kwamba kabla ya dhambi ya Adamu hata simba alikula nyasi. Thomas Aquinas, mwanatheolojia wa karne ya 13, alilikataa wazo hilo waziwazi: alisema dhambi ya mtu haikubadili maumbile ya wanyama. Zaburi 104 nayo inasema wana-simba hunguruma wakitafuta chakula chao kwa Mungu, na katika Ayubu 38 Mungu anamuuliza Ayubu kama yeye ndiye anayemwindia simba mawindo. Hakuna lawama hapo. Mungu anajivunia simba wake.

Naungana na wanaosoma Mwanzo 1:30 pamoja na Isaya 11, ambapo mbwa-mwitu anakaa na mwana-kondoo na simba anakula majani kama ng'ombe. Aya hizo mbili zinasema amani ndiyo nia ya Mungu kwa viumbe vyake. Zaburi 104 inasema jinsi anavyowalisha leo. Biblia inazishika zote mbili, nasi hatuhitaji kuibana simba ya Serengeti iungame dhambi.

Kuhusu miaka nitapita haraka, maana vita hivyo vimekula muda mwingi kuliko vinavyostahili. Kule Laetoli, eneo la Ngorongoro, mwaka 1978 zilichimbuliwa nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, za miaka kama milioni 3.6. Kwenye majivu yaleyale kuna nyayo za tembo, twiga, faru, sungura na kanga. Anayeamini dunia ina miaka elfu chache ataona shida. Lakini Origen wa Aleksandria katika karne ya 3 alikwisha kuuliza siku tatu za kwanza zilikuwaje siku wakati jua halijakuwapo, na Agustino wa Hippo, Mwafrika mwenzake, aliandika mwanzoni mwa karne ya 5 kwamba siku zile si za jua kama zetu, akawaonya Wakristo wasijiaibishe mbele ya watu wanaojua mambo ya asili. Usomaji huo haukubuniwa ili kumkimbia Darwin na nadharia yake ya mageuzi. Kwangu majivu ya Laetoli na siku ya sita ya Mwanzo yanakubaliana katika jambo moja kubwa: tangu zamani sana, tulipita hapa pamoja nao.

Watakuwa wapi mwisho

Linabaki swali la mbwa. Mhubiri 3 inasema mtu na mnyama wana pumzi moja, wote wametoka mavumbini na wote wanarudi mavumbini, kisha inauliza: nani ajuaye? Aquinas aliona nafsi ya mnyama inakwisha pamoja na mwili wake, na mafundisho mengi ya kanisa yamemfuata. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alihubiri kinyume mwaka 1781, kwamba wanyama nao watarudishiwa uzima na kuzidishiwa.

Paulo hakumtaja mbwa wala paka, lakini alitaja zaidi ya hao. Warumi 8 inasema viumbe vyote vinaugua pamoja, vikingoja, na kwamba vyenyewe navyo vitawekwa huru kutoka utumwa wa uharibifu. Wakolosai 1:20 inasema Mungu anavipatanisha vitu vyote na nafsi yake. Na Yohana, katika Ufunuo 5:13, anasikia kila kiumbe kilichoko mbinguni, juu ya nchi, chini ya nchi na juu ya bahari kikimsifu Mwanakondoo.

Mtoto wa kipaimara akiniuliza kuhusu mbwa wake, namfungulia hizo aya, naanza na agano la Nuhu. Namwambia Mungu ameahidi jambo juu ya viumbe vyake vyote, na hakueleza litakavyokuwa kwa mbwa mmoja mmoja. Akitaka kulia, namwacha alie.